Hadithi Niliyoisoma Mchana

Enzi zetu, hadithi ilikuwa na saa yake. Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alitufundisha kwamba anayesimulia mchana hupoteza mbuzi, nasi tulimwamini kabisa. Kwa hiyo nilipoanza kutunga yangu, nikiwa darasa la sita huko Kathonzweni, nilijiwekea sheria: kuandika si kusimulia, mradi mdomo umefungwa.

Niliandikia mtoni, kwenye mto wetu mkavu. Tulichimba mchanga mpaka maji yaonekane, tukateka kwa kata, kisha tukangoja kisima kijae tena. Katika kungoja huko nilitoa daftari la hesabu na kuandika kuanzia nyuma. Mtungi ukijaa, sehemu ya leo imekwisha, hata kama Kalondu wangu yuko mdomoni mwa zimwi. Kalondu alikuwa msichana aliyeshuka kisimani akakuta mji chini ya mchanga, ambako mvua zote zilizokosa kunyesha kwetu zilifungiwa ndani ya vibuyu. Angeweza kutoka na kibuyu kimoja tu.

Darasani daftari lilizunguka dawati kwa dawati, likanirudia likinuka mafuta ya taa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Lakini msomaji niliyemwandikia hasa hakujua kusoma. Mwende, rafiki yangu, alikuwa ameacha shule mapema achunge mbuzi wa mjomba wake. Kule mtoni alikaa kando yangu akizitazama herufi kama mtu anayetazama siafu wakipita.

"Nisomee," alisema.

"Mbuzi watapotea."

"Basi soma polepole, wasisikie."

Nikamnong'oneza. Kazi hii nilijifunzia hapo. Akijikuna mguu, nilijua nimeboesha, nikafuta. Akiacha kutafuna, nilijua pa kukatia.

"Usiniwache hapo, wee Ndanu. Atatokaje huko chini?"

"Ngoja kesho."

"Kesho ni mbali."

Siku ya sehemu ya mwisho utamu ulinizidi, nikasahau kunong'ona. Nilisoma kwa sauti kama mhubiri wa mkutano wa injili. Kalondu aliponyoosha mkono achague kibuyu, Mwende aliinua kichwa, na mbuzi hawakuwepo. Tuliwakuta wote katika shamba la ndengu la jirani, wameshiba, wanatutazama bila aibu. Susu alisema tu, "Si niliwaambia?" Kabla ya wiki kwisha Mwende alikuwa amepelekwa na mjomba wake kwa shangazi yake huko Kikima. Zilibaki kurasa mbili. Sikumwona tena, na kurasa hizo nilizichana.

Sasa mimi ni mtu mzima na nimemrudia Kalondu. Namwandika kwenye simu, sehemu moja kila Jumamosi. Vijana wa leo wanasoma kwa kidole gumba, na kabla sijaiweka simu chini wameshaandika, "Ongeza ingine, tunangoja!" Kungoja gani, watoto ambao hawajawahi kungojea hata kisima kijae? Nawapenda, lakini siwaoni wakijikuna. Sijui wapi nimewachosha, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Mwezi huu hadithi ilifika pale pale, mkono wa Kalondu juu ya vibuyu, nikashindwa kuendelea. Wiki tatu walinisukuma. Ningewapaje mwisho ambao nilikuwa nimemwahidi mtu mwingine kwanza?

Juzi nikateremka mtoni. Malori yamezoa mchanga wote, umebaki mwamba na taka. Nilikaa mahali ninapodhani kisima chetu kilikuwa, jua la saa saba likiniwakia utosini, nikawasha simu inirekodi sauti. Hii sehemu sikuiweka kwa maandishi, na wenye haraka wamelalamika. Nimeisoma, ili hata asiyejua herufi aisikie.

Mwende, ikikufikia huko uliko, Kalondu ametoka. Sikiliza mwenyewe na kibuyu gani. Nimesoma polepole, kama ulivyoniomba, ingawa siku hizi hatuna tena mbuzi wa kusikia.