Nilimchezea Daktari Kwaya Huku Mguu Unawaka

Admin, jina langu lifiche, ila umri weka: nina miaka hamsini na mbili, mkulima wa tumbaku na mahindi Katumba, huku Mpanda. Na hilo jina lenyewe hakuna anayeniita. Mimi ni Mama Nesi, tangu mwanangu wa kwanza alipoajiriwa chumba cha upasuaji kwenye hospitali kubwa Dar. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye akiongea, madaktari wananyamaza wanamsikiliza. Mnisamehe, mngemuona na zile nguo za kijani hata nyie mngejisifu.

Tatizo langu ni mgongo. Nilianguka kutoka juu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Nikafanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, maumivu yakabaki. Yanashuka miguu yote miwili kama nimepakwa pilipili chini ya ngozi. Kanisani kukaa siwezi, natoka naingia, natoka naingia, mpaka mzee wa kanisa akaniuliza kama kuna mtu namsubiri nje.

Mwanangu ndiye aliyeniombea nafasi kwa daktari wake. Kuna waya mwembamba unapitishwa karibu na uti wa mgongo, unatuma umeme kidogo, maumivu yanafunikwa. Kwanza unajaribishiwa siku chache, waya umebandikwa mgongoni, kiboksi kiunoni, rimoti mkononi. Ukisaidika, ndipo wanapasua na kuweka cha kudumu, na betri yake chini ya ngozi.

Walipowasha, nilisikia kama sisimizi wanatembea mguu wa kulia, na ule moto ukazimika. Jamani, nililia! Nikasubiri sisimizi waje na kushoto. Hawakuja. Nikaongeza kwa rimoti, wa kulia ukaruka wenyewe, wa kushoto ukaendelea kuwaka.

Siku ya kuulizwa, daktari alikuja na wanafunzi wake wamejaa mpaka mlangoni. Mwanangu akawaambia, "Huyu ndiye mama yangu. Amenisomesha kwa tumbaku." Daktari akasema, "Mama, miguu yote imepata nafuu? Usituonee aibu. Kama kuna sehemu haijafikiwa, tunasogeza waya."

Nikamtazama mwanangu, kasimama kama bwana harusi. Nikajibu, "Daktari, nimepona yote!" Nikashuka kitandani nikacheza hatua za kwaya. Wanafunzi wakapiga makofi. Waya wa majaribio ukatolewa, moto ukawaka tena miguu yote, nikarudi nyumbani kusubiri upasuaji.

Tangu hapo situlii. Akina mama wa kwaya walishasikia nilivyopona na kucheza Dar, wanakuja, "Mama Nesi, hebu tuonyeshe!" Nacheza, machozi nayameza. Jirani yangu mmoja, mdomo wake hauna mlango, akasema, "Mbona aliyepona anakalia tako moja?" Nikamwambia, "Ndivyo wanavyokaa watu waliofika Dar." Tukacheka. Alipoondoka nikajilaza sakafuni.

Wiki ijayo napanda treni kwenda kuwekewa. Nikinyamaza, watanipasua na kuweka waya palepale, na mguu wa kushoto nitabaki nao hivihivi. Nikisema, naogopa daktari ataona kifaa hakinifai, nikose hata nafuu ya kulia ambayo nimeshaionja. Na mwanangu aliyeniombea kwa heshima yake, atawaangaliaje wenzake?

Nimewaza nifike mapema nimvute daktari pembeni. Lakini mwanangu atakuwa humohumo ndani. Asikie kwa mtu mwingine kwamba mama yake alidanganya mbele yake, na yeye akatabasamu?

Jana alinipigia ya video. "Mama, inuka utembee nikuone." Nikamwambia mtandao unakatakata. Akasema, "Mbona mimi nakuona vizuri, Mama?" Nikakata. Sijapokea tena.

Nyie mliozaa, na nyie mliowahi kuwekewa kifaa hiki, nishaurini kabla treni haijanipeleka: nimwambie daktari, au nimwambie kwanza mwanangu? Naandika nimesimama, kukaa siwezi. Simu inaita sasa hivi, ni yeye. Nianze na neno gani?