Kule Maji Yanakoanzia

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka arobaini na sita, kwa sababu ya swali moja. Nyuma ya duka langu la kushona nguo mjini Kitui pana kinamasi chenye mafunjo. Wakati wa kiangazi mito yetu hubaki mchanga mtupu, ila pale vyura hawanyamazi. Maji hayo hutoka wapi? Kila niliyemuuliza alisema, "Yako tu." Kisha watu wa mtaa wakaondoa takataka, wakafungua njia ya baiskeli kando ya kijito kinachoingia pale, nami nikaamua kwenda kujionea.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinifundisha katika uwanja wa kanisa lao. Dera langu lilinaswa na mnyororo mara mbili, nikajishonea suruali pana.

"Usiangalie gurudumu, dada," alinikemea. "Angalia unakokwenda!"

Jumamosi moja asubuhi tuliondoka sisi wawili, tukifuata kijito kuelekea juu. Tulipita migomba na miwa, tukasukuma baiskeli palipokuwa na mawe. Njia iliishia kwenye shamba la nduma, yaani majimbi. Mzee mmoja akainuka katikati ya majani, magoti yamejaa tope.

"Nyinyi ndio wale watalii tulioambiwa watakuja na baiskeli?"

"Sisi ni wa hapo mjini tu, mzee," nikasema. "Tunatafuta mahali maji haya yanapoanzia."

Hakucheka. Aliniambia nivue viatu, nikanyage karibu na mwamba. Nilipoinua mguu, alama ya unyayo wangu ilijaa maji polepole, baridi na safi. Nikakanyaga pembeni, napo pakajaa. Nilikuwa nimetarajia kuona shimo moja la chemchemi, kumbe ardhi yote ile ilikuwa ikitoa maji. Nilizunguka nikikanyaga hapa na pale mpaka mwalimu akachoka kuningoja.

Ndipo mzee akauliza, "Na yakitoka hapa huenda wapi? Nimelima hapa miaka yote, sijawahi kuyafuata."

Jumamosi iliyofuata tulimpitia shambani, akatoka na baiskeli yake nyeusi ya kubebea mitungi, tukashuka naye hadi nyuma ya duka langu. Alichuchumaa ukingoni. Mama mmoja wa mtaani alikuwa akichota maji kwa ndoo.

"Mnayatumia haya?" mzee alimuuliza.

"Tunanyweshea sukuma wiki. Maji ya mfereji yakikatika, tunaogea pia."

Mzee aliitazama ile ndoo. "Mimi huoshea pampu ya dawa ya wadudu kule juu, ndani ya kijito," alisema kwa sauti ya chini.

Tulipomtembelea tena tulimkuta ameshachimba shimo la kuoshea pampu, mbali na kijito. Wageni watatu waliokuja na baiskeli zao kutoka mji wa Wote walikuwa wamemzunguka, wakimuuliza maswali kuhusu nduma. Alikuwa akijibu kwa Kikamba kizito cha zamani, hata vijana wale, Wakamba wenyewe, wakamgeukia mwalimu awatafsirie.