Taa Iliyokataa Kutulia

Jina la Bi Subiri lilianzia kazini, likamfuata mpaka nyumbani. Kwa miaka ishirini na tisa alikaa mbele ya swichibodi ya simu ya ofisi moja kubwa, akiwaambia watu wenye haraka zao, "Subiri, nakuunganisha," kwa sauti ambayo hata meneja aliitii. Sasa amestaafu. Anaishi chini na binti yake, na juu ana wapangaji wawili: dereva wa lori, na mwalimu wa hesabu aliyepunguzwa shuleni, ambaye siku hizi anafundisha watoto kwa video.

Nyumba nzima inatumia intaneti moja, na kwa wiki tatu intaneti hiyo ilikuwa inajikokota. Binti, ambaye hufanya kazi ya ofisi akiwa mezani kwao, alikuwa amechoka.

"Mama, ni mwalimu. Video kuanzia saa nane mpaka jioni! Sisi tunabaki na matone."

Bi Subiri akapanda ngazi akatoa hukumu: Jumamosi anabadilisha nywila, na mwalimu asipewe mpya.

"Masomo hayo ndiyo kazi yangu, mama," mwalimu alisema. Akarudi kwenye kompyuta yake. Afadhali angebisha.

Usiku ule Bi Subiri hakulala vizuri. Kazini hakuwahi kulaumu laini kabla ya kuijaribu. Ulikuwa unachomoa moja, unasikiliza, unachomoa nyingine. Mwalimu huyu amemhukumu kwa maneno ya binti yake tu.

Alhamisi saa nane akawakusanya, daftari mkononi.

"Kila mtu azime kila kitu chake. Nitawaita mmoja mmoja."

"Na feni nayo, Bi Mkubwa?" dereva akauliza.

"Wewe zima mdomo kwanza."

Akaanza na mwalimu. Kompyuta yake ilipozimwa, binti alijaribu kufungua ukurasa mmoja kwa simu. Ukazunguka, ukazunguka, ukagoma. Dereva akazima simu zake mbili. Hali ni ile ile. Mwishowe binti naye akazima zake zote, nyumba ikawa kimya, na Bi Subiri akainama mbele ya kisanduku cha intaneti pale ukumbini. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa kwa kasi.

Taa hizo alizijua tangu kazini. Ikipepesa hivyo, kuna mtu yuko hewani.

Alipita kila chumba. Kilichobaki ni chake mwenyewe. Kule ndani kulikuwa na televisheni kubwa aliyonunuliwa na wanawe, imefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Kila asubuhi, akimaliza kuangalia, aliipunguza sauti mpaka ikaisha, akaifunika isiingie vumbi. Kwake yeye huko ndiko kuzima. Redio yake ya zamani haikuwa na namna nyingine.

Akafunua kitambaa. Mwanamume fulani alikuwa anapaka ukuta rangi, bila sauti, picha safi kama kioo. Video za intaneti zilikuwa zinafuatana zenyewe, mchana na usiku, wiki tatu sasa, tangu televisheni iletwe.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Rimoti ilikuwa mkononi. Angebonyeza tu, akatoka akasema imepona yenyewe, na nani angejua? Lakini binti angebaki akiamini ni mwalimu, na Jumamosi ingefika.

Akabonyeza. Taa ya ukumbini ikatulia. Kisha akapanda ngazi, magoti yakilalamika, na binti na dereva wakamfuata kwa nyuma.

Mwalimu alikuwa kitandani, karatasi mapajani, anaandika atakavyowaaga wazazi aliokwisha kuwadokezea.

"Chana hiyo," Bi Subiri akasema. "Aliyekuwa anawamalizia intaneti ni mimi. Televisheni yangu sikuwa naizima, nilikuwa naifunika. Nimekukosea, mwanangu, na nimekukosea mbele ya watu, ndiyo maana nimekuja nao."

Binti akatazama sakafu.

Mwalimu aliweka karatasi pembeni. Aliwasha kompyuta, na mara uso wa mtoto ukajitokeza, haukukwama hata kidogo.

"Mwalimu! Mama anauliza, wiki ijayo tunasoma au ndiyo basi?"

Mwalimu akageuka akamtazama Bi Subiri.

"Usimsubirishe mtoto," Bi Subiri akasema. "Mwambie mnasoma."