Viatu vya Mamuzele Feza

Harufu ya ndagala zinazokauka mchangani huwafanya wageni wazibe pua. Mimi hunitia njaa. Ndiyo iliyonilea. Nyumba yetu ilikuwa kando ya ziwa, kwenye njia ya kwenda Kabimba, na kila asubuhi wanawake walianika samaki huku wakigombana na kunguru. Kiangazi kimoja, nikiwa bado mtoto wa kushika kitenge cha bibi yangu, alitufikia Mamuzele Feza; mamuzele kwetu ni binti ambaye hajaolewa. Alikuwa mweusi kama sisi, mzaliwa wa Nyunzu, na alikuwa amesomea samaki. Tulicheka tukashika mbavu. Samaki anasomewa, au analiwa? Kumbe aliwapasua, akatazama walichokula na kama wana mayai, akaandika. Kwenye biro yao, ofisi ya mambo ya samaki, kazi hiyo ilikuwa ya wanaume; yeye alikuwa mwanamke wa kwanza.

Samaki wa mchangani hawakumfaa, kwa sababu walikwisha kuchanganywa na hakuna aliyejua wametoka wapi. Ilimbidi awaone wakitoka majini. Lakini kwetu mwanamke hakanyagi mtumbwi wa nyavu. Wa safari, sawa, apande na mbuzi wake. Wa kuvulia, hapana, samaki watakimbia. Na mkubwa wake alikuwa amemwonya: asipopanda kabla ya mvua, atatumwa mwanaume, yeye arudi kupiga mashine ya kuandika. Alimweleza bibi hayo uani kwetu, akifuta machozi kwa mkono uliojaa magamba.

Bibi alikuwa amezaa mapacha. Sisi ni Wakristo, Jumapili tulijaza benchi zima kanisani, lakini mapacha ni mapacha. Samaki walipopotea, wavuvi wenyewe walikuja kumwita arushe pemba, ule udongo mweupe, juu ya nyavu zao, na awatukane sana, maana matusi ya mama wa mapacha ni baraka. Basi kesho yake akampaka Feza pemba kwenye paji la uso, akamkokota hadi kwenye mtumbwi wa Papa Lukasi.

“Mama, huyu hapana,” Papa Lukasi akasema.

“Nimemupaka pemba. Ni mutoto yangu sasa. Unakataa mutoto wa mama wa mapacha?”

“Samaki watakimbia, Mama!”

“Wakimbie nini? Wewe unanuka kuliko yeye, na hawajakimbia!”

Ufuko mzima ukaangua kicheko. Papa Lukasi akasogeza nyavu kumpa nafasi. Feza akavua viatu, akanipa nimshikie, akapanda.

Nilivikumbatia viatu vile hadi jua likawa la utosi. Hata mimi mtoto nilijua: wakirudi mikono mitupu, hatapandishwa tena, na kazi yake imekwisha. Wakarudi. Samaki hawakufika hata nusu ya kikapu.

“Mumeona?” Papa Lukasi akasema.

“Na jana?” bibi akamrukia. “Jana mulileta kikapu gani? Nani alivaa sketi mule ndani, wewe?”

Aliyecheka wa kwanza ni Papa Lukasi mwenyewe. Feza hata hakusikia. Alikuwa amechuchumaa, amempasua samaki mmoja, mukebuka, ananyoosha kisu: “Mama, tazama mayai! Hawa njo samaki wa kesho.” Papa Lukasi akainama kutazama, akakaa pale muda mrefu. Toka siku hiyo alimwita mwenyewe, na Feza alipochelewa, mzee alinung’unika.

Feza hakurudi kwenye mashine. Alitafiti, kisha akafundisha vijana mpaka mvi zikamjaa. Mimi baba alinitoa shule nikiwa mwaka wa tatu. Alisema msichana akijua kuandika jina lake, inatosha. Haikutosha. Ndiyo maana mjukuu wangu Riziki nilimsimulia habari hii kabla hajajua kutembea vizuri, na leo anafundisha mambo ya samaki, ana wanafunzi wa kike wengi, na akipanda mtumbwi wa nyavu hakuna mvuvi anayeinua hata kichwa. Pemba haihitajiki tena. Ziwa limechoka, samaki ni wadogo kuliko wale wa bibi, sidanganyi. Lakini sasa wanaolichunguza ni wengi, na wengine ni damu yangu.

Juzi nilimsindikiza Riziki ufukoni. Akavua viatu, nami nikanyoosha mikono kuvipokea, mazoea ya zamani.

“Bibi, vya nini?” akacheka. “Vua na vyako, twende.”

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nikavua.