Utando wa Hariri Kwenye Sikio la Mkunga

Wodi nzima ilimwita Bibi Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na sita aliinamia matumbo ya wajawazito, kibomba cha mbao kikiwa kati ya tumbo na sikio lake la kulia, akihesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Mashine ya kupima mapigo ilipoharibika, na haikuchoka kuharibika, daktari mwenyewe alimfuata yeye.

Siku moja nyumbani alikuwa akijikuna sikio hilo la kulia kwa pini ya nywele, mjukuu wake akamrukia kwa furaha. Pini ikazama. Maumivu yaliisha, lakini ngoma ya sikio ikabaki na tundu. Yeye aliyewaambia wajawazito kila siku kwamba mficha uchi hazai, akaficha tundu lake kwa kuogopa kuondolewa wodini. Akahamia sikio la kushoto, ambalo tangu utotoni lilikuwa la kusindikizia tu.

Haukupita mwezi, akaja binti mmoja, fundi cherehani, kujifungua mtoto wa kwanza. Mkunga akainama, akasikia mapigo, akaandika mia na ishirini na nne, hesabu nzuri kwa mtoto. Hakushika kifundo cha mkono wa mama huku akisikiliza, ili kutenganisha mapigo ya wawili hao, kosa ambalo wanafunzi wake hukaripiwa mpaka wakalia. Mapigo yale yalikuwa ya mama, yakienda mbio kwa uchungu. Ya mtoto yalikuwa yakififia kwa kukosa hewa. Mtoto alitoka amelegea, akakaa dakika saba bila kulia, mkunga akimpulizia hewa mpaka akapumua.

"Bibi, umeniokolea mwanangu," binti akamwambia. "Mungu akulipe."

 Mkunga alikwenda kulia chooni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike.

Kesho yake akaenda kwa daktari wa masikio, aliyekuwa akijaribu dawa mpya: utando wa hariri. Vifuko vya viwavi wa hariri huchemshwa viachie gundi, nyuzi zikayeyushwa, zikakaushwa kuwa utando mwembamba. Unabandikwa juu ya tundu, ngozi inatambaa juu yake kama mharagwe kwenye kijiti, na hariri yenyewe huyeyuka baadaye.

"Yaani uzee huu ndio navaa hariri, tena mahali pasipoonekana!"

"Vaa tu, mama. Ila usipenge kamasi wiki sita."

Ngozi ikashika. Akaanza kusikia tena saa ya ukutani na kandambili za wagonjwa, na wala hakufurahi.

Binti yule akaja kliniki na mtoto mgongoni.

"Bibi, mbona hashtuki? Hata mlango ukibamizwa, kimya."

Mkunga akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Sikio lake lililopona likauma kwa kishindo. Mtoto akaendelea kutazama dirisha.

"Si naye abandikwe hariri kama wewe?" akauliza binti, maana habari zilishaenea.

"Hariri inaziba tundu, mwanangu. Naogopa tatizo lake liko ndani zaidi. Lazima apimwe leo."

"Ndani kumeingia nini?"

Msimamizi wa wodi alikuwa meza ya pili, akijaza kadi. Mkunga angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Wangapi wameambiwa hivyo wakarudi nyumbani wakishukuru? Akavuta kiti.

"Kaa, mwanangu," akasema, bila kushusha sauti. "Siku ile, moyo niliousikia haukuwa wa mtoto. Ulikuwa wako."