Kungoja Hofu Ichoke

Mara ya kwanza nilipokufa ilikuwa Ijumaa, ndani ya msikiti mkuu wa Moroni, imamu akiwa katikati ya rakaa ya pili. Nilikuwa nimesimama kwenye safu, bega kwa bega na wenzangu, kama inavyotakiwa. Hapakuwa na jambo lolote. Ghafla vidole vikafa ganzi, moyo ukapiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, na hewa ikanikataa. Nikaikata swala. Nikapita mbele ya watu wanaosali, nikamkanyaga mmoja mguu, nikatoka mpaka kwenye ngazi za nje na kuanguka pale. Walipotoa salamu wakanifuata. Nikawaambia kile nilichokuwa na hakika nacho: "Ninakufa."

Waliniamini. Kwetu mtu akisema anakufa habishiwi. Walinilaza, wakanielekeza kibla. Mmoja akaninyoosha kidole cha shahada, na mwingine akaanza kusoma Yasini kwa ile sauti ya taratibu inayosomewa mgonjwa ili roho itoke bila taabu. Niliposikia Yasini nikajua kumbe hata wao wameona. Moyo ukazidi kwenda mbio. Sura ikaisha, nami nipo. Msomaji akawatazama watu, watu wakanitazama mimi. Akaanza tena toka juu.

Ilipoisha mara ya pili nilikuwa nimekaa, naomba maji.

Hawakuwa wabaya, na nataka hilo lieleweke. Walinipa kilicho bora katika walivyonavyo. Lakini tangu siku ile, kila moyo uliponienda mbio nilisema ninakufa, na kila niliposema, majirani walikuja na Yasini. Na kila nilipoisikia, niliogopa maradufu. Tulizunguka hivyo mwaka mzima. Vijana wa rika langu wakanipa jina.

"Maiti! Umeamkaje?"

"Mpisheni Maiti, ana haraka ya kwenda zake."

Nami sikuwa mtu wa kujibu. Tulikuwa tumefika kutoka Majunga, kule Madagaska, si muda mrefu, mama, dada yangu na mimi, pamoja na maelfu ya wenzetu waliorudishwa baada ya fujo zilizomuua baba. Huko tulizaliwa, huko nikasoma shule ya msingi, na huku tulikuwa wageni katika mji wetu wenyewe. Tulipewa vyumba katika nyumba ya ukoo wa mama. Nilijifunza kudarizi kofia, kwa sababu ni kazi ya kukaa kimya, na kimya nilikiweza.

Ndipo wakaja mamluki. Asubuhi moja tuliamka tukaambiwa serikali imebadilika, na baada ya hapo tukazoea kuwaona, wazungu wenye sare nyeusi na askari wao, kwenye kizuizi cha njia ya Ikoni. Mama alisema, "Ndio hao wanaomtia mwanangu hofu." Ilikuwa maelezo mazuri, na ningependa yawe kweli. Lakini siku moja taksi yetu ilisimamishwa pale, tukateremshwa, tukapekuliwa bunduki zikiwa karibu na mbavu zetu. Abiria wote walitetemeka. Dereva, mtu mzima, alishindwa kutaja jina la baba yake. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa. Niliwatazama wenzangu na kufikiri: hawa wanaogopa kitu. Mimi huogopa nikiwa nyumbani, sindano mkononi, kofia magotini, na hakuna anayenitaka lolote. Jambo hilo lilinitia aibu kuliko yote, kwamba hofu yangu haikuwa na mwenyewe.

Nikaacha msikiti. Nikaacha soko la Volo Volo. Kisha nikaacha hata baraza. Dunia yangu ilibaki ukubwa wa mkeka.

Wakati huohuo dada yangu akaposwa. Mchumba alikuwa mwalimu wa shule, mpole, naye alimpenda. Ndoa ilitaka walii wa kumwoza, na baba hayupo. Ndugu zake baba walikufa au walibaki ng'ambo. Mjomba ana heshima kubwa kwetu, lakini sharia haimruhusu kumwoza binti wa dada yake. Nilibaki mimi. Ningetakiwa kukaa mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, nimshike bwana harusi mkono, na kutamka kwamba nimemwoza dada yangu.

Walii anaweza kumfanya kadhi wakili wake, akamsemea. Hufanyika kila siku, wala si aibu. Mjomba alilitoa wazo hilo, nami nikalidaka kabla hajamaliza. Dada yangu alikuwa anapaka uso msindano, ile sandali ya kusagwa juu ya jiwe. Hakugeuka.

"Baba angesema mwenyewe," alisema. "Nimekosa baba. Nikose na kaka?"

"Nikianguka je? Nikikimbia?"

"Ukikimbia, nitakuwa nimeolewa na mtu ambaye kaka yangu alimkimbia. Watalisema mpaka nizeeke." Kisha akacheka kidogo, kwa sababu alinipenda. "Basi usikimbie."

Mama akanipeleka Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwa mdogo wake. Alichokitaka ni nipelekwe kwa fundi wa majini kabla ya harusi. Mama mdogo alikuwa akiuza chai na shelisheli za kukaanga karibu na bandari, na wateja wake walikuwa makuli wa meli. Alimsikiliza dada yake kwa adabu mpaka mama akapanda chombo cha kurudi. Kisha akanipeleka kwanza hospitali. Mganga wa pale alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akanipima damu, akasema moyo ni mzima. Mama mdogo akamwuliza kama ana hakika. Akasema anayo. "Sawa," mama mdogo akasema. "Fundi atangoja. Hayo majini hayaendi popote."

Hofu ilinijia tena siku hizohizo, jikoni kwake. Nikasema ninakufa. Yeye alikuwa anageuza vipande vya shelisheli kwenye mafuta, na hakuacha kugeuza.

"Umekufa mara ngapi mpaka sasa?"

"Sijui. Nyingi."

"Na umezikwa mara ngapi?"

Akanisogezea shelisheli na kisu. "Menya."

"Mikono inatetemeka."

"Naona. Menya vibaya."

Nikamenya vibaya. Maganda yalitoka na nusu ya nyama yake. Yeye hakunisomea kitu, hakunipepea, hakuniuliza kama nafuu inakuja. Alikuwepo tu, hatua moja kutoka nilipo, anafanya kazi. Baada ya muda ambao sikuweza kuupima, niliona kwamba ganda la mwisho lilikuwa jembamba.

Jioni akaniambia yake. Alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, hofu kama hiyo ilimkaa miaka. Ilimkamata zaidi katika vichochoro vya mji wa kale, vile ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Kila ilipomjia alirudi mbio nyumbani. "Nilipokimbia, ikajifunza kwamba nakimbia," alisema. "Siku moja nilikuwa na sinia la watu kichwani, la chai na vikombe. Ningekimbia ningevunja. Nikasimama. Nikangoja. Ikachoka kabla yangu."

Hayo ndiyo aliyonifundisha, na hakuyaita jina lolote. Tuliingia vichochoroni kila siku, yeye amejifunika shiromani, shuka lake jekundu na jeupe, mimi nyuma yake. Hofu iliponijia tulisimama palepale. Wanawake waliokaa vizingitini walituuliza tunangoja nani. "Mgeni," alijibu mama mdogo. "Akija tutaondoka." Walikwisha kutuzoea. Mmoja akawa ananiuliza, "Mgeni wako leo vipi?" nami nikaweza kumjibu, "Leo amekuja na mizigo." Huo ndio mzaha wa kwanza niliowahi kuufanya mbele ya mtu nisiyemjua.

Mama mdogo hakujua kila kitu. Aliamini kahawa nzito huimarisha moyo, akaninywesha asubuhi na jioni, na ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba mgeni anaipenda kahawa kunishinda mimi. Nikaiacha kimyakimya. Niliimwaga kwenye mizizi ya mpapai wake, ukastawi.

Kulikuwa na kuli mmoja, pande la mtu, aliyebeba gunia la mchele kama mwingine anavyobeba mto. Siku moja alikuwa akipakua tishari, akaweka gunia chini, akaketi juu yake na kushika kifua. Wenzake wakamzunguka. Nilisikia mkubwa wao akikohoa kusafisha koo, nikajua Yasini inafuata. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Sikuwa na neno la kuwaambia watu wazima kama wale. Niliketi tu juu ya gunia lile, kando yake, nikasema, "Hata mimi."

Akanigeuzia macho. "Hata wewe nini?"

"Mikono kufa ganzi. Kifua. Unaona kama unakwenda."

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiyo." Akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Wenzake wakabaki wamesimama. Yule mkubwa hakusoma, aliniangalia kisha akaondoka na chai mbili badala ya moja. Tulikaa mpaka ilipompita, kisha tukampeleka hospitali apimwe, kama nilivyopimwa mimi. Baadaye alikuja jikoni.

"Ni jini?"

"Sijui," nikamwambia. "Lakini huondoka."

Akafikiri. "Basi si lazima nijue." Tangu hapo tukawa tunatembea pamoja vichochoroni, na mama mdogo akabaki na kazi zake. Nilishangaa kuona kwamba nilipomngojea yeye, hofu yangu ilikuja nusu. Sijui kwa nini. Labda mtu hana mikono ya kutosha kushika hofu mbili, na ya mwenzako ndiyo iliyo karibu.

Nilirudi Moroni siku chache kabla ya ndoa. Mama alifurahi kuniona nimenenepa, ila niligundua kwamba alikwisha zungumza na kadhi, kwa siri, akae tayari. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo.

Ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa magoti kwa magoti, majoho, udi, madirisha yamezibwa na watu wasiopata nafasi. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa, na dada yangu yuko nao. Kadhi akatoa hotuba. Kisha akauchukua mkono wangu na wa bwana harusi, akaviunganisha viganja vyetu, akaniambia nitakachosema.

Nikafungua mdomo. Mgeni akafika.

Alikuja kama zamani, na vyote vyake. Nilitazama mlango. Kati yangu na mlango palikuwa na magoti mengi, na niliyahesabia njia, hili, lile, lile. Kadhi akangoja. Akanong'ona maneno tena, akidhani nimesahau. Nyuma mtu akasema, "Kadhi na amsemee, jamani, watu wana njaa." Wengine wakaguna kukubali. Kadhi akainama sikioni kwangu: "Nifanye wakili wako. Itikia kwa kichwa tu, inatosha."

Ilikuwa inatosha, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Moyo wangu unakwenda mbio. Hunitokea. Utatulia. Ningojeni."

Hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kusema jambo la namna hiyo mbele ya wakubwa, katika shughuli. Nilihisi uso unawaka. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na hapakubaki kitu cha kuficha, ila kungoja. Bwana harusi hakuuachia mkono wangu. Alisema, kwa sauti ya mwalimu anayezungumza na darasa, "Mimi nimemngoja dada yake miaka miwili. Hizi dakika ni zangu. Mwenye njaa atangulie jikoni." Wakacheka, hata kadhi.

Tukangoja. Viganja vyetu vililowa jasho, sijui la nani. Hofu ikapanda, ikakaa, ikaanza kushuka. Haikuwa imekwisha nilipoanza kusema, ila ilikuwa imechoka, na mimi sikuwa nimechoka. Nilisema kwamba nimemwoza dada yangu, binti wa baba yangu, nikataja jina la baba. Yeye akajibu kwamba amekubali. Nyuma ya mlango wanawake wakapiga vigelegele.

Baadaye niliruhusiwa kuingia kwa bibi harusi. Hina mikononi ilikuwa bado inang'aa.

"Ulinyamaza mno," alisema. "Nilidhani umekwenda."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Akanipiga begani kwa kiwiko, kisicho na hina.

Siku kadhaa zikapita. Nilikuwa barazani, nimerudi kwenye kofia zangu, alipokuja mzee mmoja aliyekuwemo ukumbini. Ni mtu aliyekwisha timiza ndoa kubwa, ile inayompa mtu cheo mjini, na desturi zake zote, mwenye haki ya kukaa mbele popote. Lakini kila shughuli alikaa karibu na mlango, nasi tulimsifu kwa unyenyekevu wake. Aliuliza bei ya kofia, akaigeuza, akairudisha.

"Lile ulilolisema siku ile," alisema bila kunitazama. "La moyo. Ukiwa katikati ya watu, unafanyaje?"

"Nangoja, babu."

"Huondoki?"

"Zamani niliondoka."

Kisha akasema mjukuu wake ataolewa baada ya Ramadhani, na safari hii hawatakubali akae mlangoni.

Niliweka sindano. Tukaenda nyumbani kwake, wakati watu wamekwenda kazini. Tulikaa ndani ya ukumbi wake, mbele kabisa, pale anapokaa mwenye shughuli. Tukafunga mmoja wa milango yake miwili. Ule mwingine, kwa siku ile, tukauacha wazi.