Msumeno Nyuma ya Mlango wa Mama Mkwe

Usiku ule nililala nimekasirika. Mavuno ya kahawa yalikuwa yamekwisha kitambo, mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa ziwani, na mibuni yangu ilikuwa haijakatwa hata tawi. Kwetu Uhaya mwanamke huchuma kahawa, huianika, huibeba kichwani. Ila kuikata mibuni ni kazi ya wanaume. Mume wangu, Baba Asimwe, tulishamzika humo humo kibanjani, katika shamba letu la migomba na kahawa. Mdogo wake aliahidi kuja kukata, na kila nikimuuliza hunijibu, "Bado, shemeji, haraka ya nini?" Haraka ya nini! Mvua ikiutangulia msumeno, mashina makongwe hunyonya nguvu yote, na mwaka unaofuata unachuma majani. Mwanetu Asimwe anasoma kwa kahawa hiyo, hatuna nyingine. Msumeno wenyewe mama mkwe aliutundika nyuma ya mlango wake tangu msibani, nami sikuthubutu kuugusa.

Basi nikamwona Baba Asimwe anakuja kati ya migomba, kumekucha, amevaa lile koti tulilomzikia. Begani ana msumeno. Sikuogopa hata kidogo. Nilishukuru Mungu, nikasema moyoni, afadhali huyu kuliko ndugu yake.

Akafika kwenye mbuni wa kwanza. Akauzunguka, akautazama juu, akautazama chini, akaupapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akauacha, akaenda wa pili. Nikamfuata.

"Kata," nikamwambia.

"Bado."

Jamani! Mtu anatoka kaburini kuja kuniambia neno lile lile la mdogo wake.

Tunaingia ndani, sijui kwa mlango upi. Amekaa kwenye kigoda chake cha zamani, anatafuna kahawa kavu polepole, na maganda anayatemea sakafuni, pale pale nilipokuwa nikimkataza miaka yote. Msumeno ameuweka magotini. Nje ngurumo inapita juu ya bati.

"Baba Asimwe, mvua hiyo."

"Naisikia."

"Unaisikia na umekaa?"

Anatafuna tu. Akiwa hai alikuwa hivyo hivyo, ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza upande gani. Machozi yananitoka, na si ya huzuni, ni ya hasira. Nimechoka kungoja wanaume, walio hai na waliokufa.

Mara tuko kibanjani tena na matone ya kwanza yanapiga majani ya migomba. Nikaushika msumeno. Naye anaushikilia. Tunavutana, yeye huku, mimi huku, watu wazima, marehemu na mjane wake, tunagombea msumeno kama watoto wanaogombea muwa. Navuta mpaka mabega yananiuma. Navuta namtukana.

Kisha akauachia ghafla nikaanguka kwa matako kwenye matope. Akasimama ananitazama kwa mshangao, kama ambaye kweli hanielewi.

"Mama Asimwe," akasema, "mwaka gani nilikata bila kukuuliza?"

Pale matopeni nikaona yote. Yeye juu ya ngazi, msumeno mkononi, anauliza, "Huu?" Mimi chini na kikapu changu, namwambia, "Huo uache, umezaa vizuri. Kata ule wa nyuma." Kila mwaka. Mchumaji ni mimi, ni mimi niliyejua shina lipi limechoka. Yeye alikuwa mkono tu. Nikafungua mdomo nimuulize kwa nini basi hakulisema hilo mbele ya ndugu zake alipokuwa na pumzi, lakini alishanipa mgongo, anarudi kwenye migomba, anatema maganda.

Nikaamka nimelikamata blanketi kwa mikono miwili. Nje kukavu, mvua bado haijashuka. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nikamkuta anawasha moto, nikamsimulia yote nikiwa bado nimesimama.

Alinisikiliza bila kuniangalia. "Mama Asimwe," akasema mwishowe, "ndoto zako hizi mbona zinakubaliana sana na unachokitaka?"

"Mama, hakukubaliana na mimi hata kidogo. Ameniudhi tangu alipoingia mpaka alipoondoka. Nimemwambia mvua hiyo, ananijibu naisikia, anatema maganda sakafuni."

Mama mkwe akaacha kupuliza moto.

"Alikujibu hivyo? Naisikia?"

"Na amekaa."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, labda moshi, labda si moshi. "Basi ni yeye," akasema.

Akainuka kwa kujishika kiuno, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na msumeno akanipa. Meno yalikuwa yameshika kutu. Nikakaa kizingitini nikaanza kuyanoa, bado nimemkasirikia mume wangu.